Kiti cha Mama Mkwe

Mama mkwe wa fundi cherehani hatulii, kama kuku anayetafuta pa kutaga. Asubuhi huweka kiti karibu na mlango. Jua likipenya nyufa za dirisha bovu la mbao na kumchoma shingo, hukiburuta hadi kwenye kabati, akakaa, akafuta jasho kwa ncha ya mtandio, akasonya. Jua likimfuata tena, huhamia ukutani. Miguu ya kiti imechora sakafu nzima, na fundi cherehani, anayeshona chumba cha pili, akisikia mkwaruzo wa pili ndipo hubandika sufuria jikoni.

Leo seremala aling'oa dirisha lile, akaweka jipya la kioo cheusi. Sebule yote ikawa kivuli. “Sasa utapumzika, Mama,” mkwewe akasema, akarudi kwenye cherehani. Mama mkwe akakaa. Akapapasa magoti, akaangalia sakafu, akalikodolea macho dirisha kana kwamba ni mgeni asiyetaka kuaga. Cherehani ikaendelea kunguruma, adhuhuri ikapita. Ghafla, mkwaruzo.

Fundi cherehani akatoka mbio. “Mama! Jua si halikufikii tena?”

“Najua, mwanangu.” Akasonya, akaburuta kiti hadi ukutani. “Lakini mimi nikitulia, nyumba hii tutakula saa ngapi?”