Jiwe la Kizingiti cha Akina Henaghan

Attracta Durkan hakuwa mtu wa kubishiwa. Kwa miaka thelathini yeye ndiye aliyetunza madaftari ya ubatizo ya parokia yetu huku Mayo, na Wamarekani walipokuja kuuliza babu zao waliohama huku walizaliwa wapi, padri aliwaelekeza kwake moja kwa moja. Mwandiko wa mapadri wa zamani ulikuwa kama kuku kapita na miguu yenye wino, lakini Attracta aliusoma bila miwani na bila wasiwasi. Laiti angekuwa na wasiwasi kidogo!

Miaka saba iliyopita alikuja mzee Walter Henaghan kutoka Chicago. Babu yake, Martin, alizaliwa mwaka 1861, wapi hasa hakujua. Attracta akawapata daftarini wadogo zake Martin wote watano, wamezaliwa Derrynacly, kijiji cha parokia yetu. Martin mwenyewe hakumwona, lakini ukurasa wa mwaka ule ulikuwa umeozeshwa na unyevu, hausomeki. Akasema Martin yumo humo, basi. Akampeleka mzee kwenye magofu ya nyumba yao, juu ya kilima. Walter alipiga magoti matopeni akalia, kisha akaondoka na jiwe dogo la kizingiti.

Kwaresima ya mwaka jana, parokia ya ng'ambo ya ziwa ilimwomba Attracta awasaidie kunakili madaftari yao. Humo akamkuta Martin Henaghan, 1861, baba yuleyule, mama yuleyule, amezaliwa Gortalour, nyumbani kwa wazazi wa mama yake. Siku zile mke alirudi kwao kujifungua mtoto wa kwanza, na padri wa huko ndiye aliyembatiza. Kila bibi huku analijua hilo. Attracta mwenyewe ni kifungua mimba, naye alizaliwa kwa bibi yake mzaa mama. Aibu ilimshika, chai ikampoa mezani.

Akamwandikia Walter barua, asiitume. Alisema ataituma baada ya Pasaka, kisha baada ya msimu wa kukata nyasi za ng'ombe, kisha akasema mzee kesharidhika, kwa nini amsumbue. Kiburi tu, tusidanganyane.

Novemba akatokea Denise, binti wa Walter, na kopo la majivu ya baba yake. Marehemu alikuwa ameomba amwagwe kizingitini pale. Wakapanda kilima pamoja kwenye manyunyu, Denise akisimulia jinsi baba yake alivyokufa amelishika lile jiwe. Walipofika, akaanza kufungua kopo. Attracta akakizuia kifuniko kwa kiganja.

"Usimwage, mwanangu. Si hapa."

Akamweleza yote. Denise alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

"Baba kafa Septemba."

Denise akalifunga kopo. Wakaenda Gortalour kwa gari. Nyumba haikuwepo tena, mahali pote pamepandwa misonobari. Denise akamwomba abaki garini, akaingia peke yake katikati ya miti. Alirudi na kopo tupu, macho mekundu.

Getini kwa Attracta, Denise akatoa jiwe mkobani, akamwekea mkononi.

"Hili si letu, Bi Durkan. Lirudishe lilikotoka."

Tangu siku hiyo Attracta hajafungua daftari lolote. Jiwe liko dirishani jikoni kwake, na kila asubuhi anasema kesho atalipeleka kilimani.