Nilivyozamia Bahari ya Mafia Nikiwa Ringwani

Afadhali mnisikie mimi kabla hamjasimuliwa na wengine. Wiki iliyopita tulikuwa tukipalilia pamba ya kijiji hapa Ringwani. Marwa, dereva wa kambi ya watalii, alikuwa amerudi kutoka kisiwa cha Mafia, ambako wageni wake walimfundisha kuzamia baharini. Watu waliacha kupalilia wakamzunguka. Hata Bhoke, binti niliyekuwa najiandaa kumposa, alisogea karibu naye.

"Nilishuka na mtungi mgongoni," Marwa alisema, "nikakaa chini natazama samaki."

Wivu ulinipanda. Nikadakia kwamba hata mimi nimewahi kuzamia hukohuko.

"Na mtungi?" Bhoke akaniuliza.

"Mkubwa kuliko wake."

Alinigeukia kwa mara ya kwanza siku ile, nami nikanogewa. "Nilipofika chini kabisa nikashikwa na kiu, nikaufunua, nikanywa nusu."

Marwa hakucheka. "Ndugu Chacha," alisema kwa upole, "mtungi ule ni wa chuma. Ndani yake mna hewa ya kupumua."

Bhoke akaegemea jembe lake, akanitazama.

"Sasa wewe ulikunywa nini?"