Mama Anapungua

Kandambili zilisikika kwanza. Zilitoka uani, zikapita jikoni, zikaja kwa hatua za mtu mwepesi asiye na haraka. Nilikuwa nimekaa sebuleni, begi la safari bado liko miguuni, nikadhani ni jirani amekuja kuazima kitu. Mama yangu hakutembea hivyo. Mama alisikika tangu mbali: vikombe kabatini viligongana kidogo, na pumzi zake zilifika mlangoni kabla yake. Nikajiweka sawa kumwamkia jirani. Pazia likafunuliwa, akaingia mwanamke mwenye shingo ndefu, mifupa ya mabega imesimama chini ya gauni la maua ya zambarau.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema. "Mbona hukupiga simu nikupokee stendi?"

Gauni nilikuwa nalijua. Sauti nilikuwa naijua. Aliyekuwa ndani ya gauni sikumjua.

Nilishindwa kuitikia salamu, jambo ambalo kwetu Bariadi hata mlevi halimshindi. Akacheka, akanivuta kifuani. Mikono yangu ikazunguka mgongo wake na vidole vikakutana kwa nyuma. Tangu nizaliwe havikuwahi kukutana. Utotoni nilikuwa nikimkumbatia kama mtu anavyokumbatia mti mkubwa, nikibandika shavu na kuachia pale mikono ilipofika. Sasa nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka, nikaogopa kukaza.

Nilikuwa Dar es Salaam zaidi ya mwaka, nikifanya kazi ya kuandika. Simu ya mama ni kitochi, haina picha. Kila Jumapili nilimsikia akinisimulia bei ya dagaa wa Lamadi, mvua iliyogoma, pamba ya watu iliyoliwa na wadudu. Sauti haikupungua hata kidogo. Nani angejua?

"Mama, nini?" nikamuuliza alipokaa.

"Nini nini?"

"Umekuwa hivi."

"Nimepungua," akasema, kama mtu anayesema nimesuka. Kisha akainuka kuniwekea chai.

Nikamfuata baba barazani. Baba yangu ni fundi cherehani, na mashine yake imekaa pale barazani tangu nikiwa sijui kusoma. Nikamuuliza kwa kunong'ona, mama ana nini, tangu lini, mmeenda hospitali gani. Sikulitaja jina la ugonjwa wowote, lakini yote yalikuwa yamenijaa mdomoni. Baba alimaliza kwanza mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno.

"Gauni likipwaya analeta, nampunguzia," akasema. "Likipwaya tena, analeta tena."

Akainuka, akaanua gauni lingine la mama kwenye kamba, akaligeuza ndani nje na kunitandikia mapajani. Kwenye ubavu wa gauni kulikuwa na mstari wa matundu madogo ya sindano, mshono wa kwanza uliofumuliwa. Kando yake mwingine, uliofumuliwa pia. Kisha mwingine, na mwingine, kila mmoja ukiwa umesogea ndani upana wa kidole. Mama hakuporomoka. Alishuka taratibu, mshono kwa mshono, na mtu mmoja alikuwa akimsindikiza kwa sindano bila kumwambia mtu.

Nililia pale pale. Baba akaangalia barabarani kama hakuniona.

Jioni, tukichambua dagaa uani, mama ndipo akanieleza. Alikuwa sokoni, kwenye meza yake ya samaki, akainama kuchukua mfuko na dunia ikageuka. Wenzake wakamkalisha juu ya debe, wakammwagia maji. Zahanati wakampima presha, na muuguzi akamwambia mwili umekuwa mzito kuliko moyo unavyoweza kuubeba. Apunguze, lakini polepole, asijitese, asikimbilie. Basi akaacha sukari. Akaacha kumalizia ugali wa sufuria kwa sababu tu umebaki. Akawa anakata tonge moja la ukubwa wa ngumi yake, na mlenda au nsansa nyingi, yale majani ya kunde makavu tuliyoyakimbia utotoni. Pikipiki za kwenda sokoni akaziacha, akawa anatembea, akipumzika kwenye kila kivuli, baadaye kwenye kivuli kimoja, baadaye bila kupumzika.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Ningesema nina presha, wangesema naumwa. Ningesema napunguza, wangesema nimepata bwana." Akacheka peke yake. "Nikanyamaza. Sasa wanasema yote mawili."

Na kweli. Kesho yake nilimsindikiza sokoni, nikayasikia. Sisi kwetu mwili wa mwanamke wa makamo si wake peke yake. Ukinenepa, mumeo kasifiwa. Ukikonda, kila mtu ana swali. Muuza nyanya wa jirani, shoga yake wa miaka, alimtazama akipita na kusema kwa sauti ya kuvuka meza tatu, "Wewe mama, si ubakize hata kidogo cha kuzika!" Watu wakacheka, mama naye akacheka. Lakini mteja mmoja aliinua samaki, akautazama mkono wa mama uliokuwa ukimpimia, akamrudisha samaki taratibu na kwenda meza nyingine. Mama akapanga upya wale samaki kana kwamba upepo ndio uliowasogeza.

Habari zilifika Lalago, kwa kaka yake mama.

Alikuja Jumamosi asubuhi, na hakuja peke yake. Kirikuu, kile kigari cha mizigo, kiliingia kwa kurudi nyuma hadi uani, na juu yake amesimama ng'ombe wa maziwa, mwekundu, kamba shingoni, ndama amefungwa pembeni yake. Mjomba akaruka chini. Ni mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapoomba chumvi. Hakusalimia. Alisimama akamtazama dada yake kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Mayu wane," akasema kwa Kisukuma. Mama yangu. Huwa wanaitana hivyo ndugu wanapozidiwa.

Kisha akamgeukia baba. "Shemeji, umemlisha nini dada yangu? Uzi?"

"Karibu, shemeji," baba akasema.

"Na magauni unampunguzia, nimeambiwa! Mtu anakwisha, wewe unakazana na cherehani!"

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya ukuta. Mtu akimletea dada yake aliyeolewa ng'ombe wa maziwa, hahitaji kusema zaidi. Amekwisha kutangaza kwamba huko alikoolewa halishwi. Baba alijua. Alifunika mashine yake kwa kitambaa, akaingia ndani na kukaa.

Mjomba alimkamua ng'ombe mwenyewe, akaingia sebuleni na jagi limejaa povu, akaliweka mbele ya mama. "Kunywa."

"Nimekunywa chai, kaka."

"Chai ya rangi, bila sukari. Mpwa wangu," akanigeukia, "huko Dar ndiko mlikomfundisha haya? Kunywa, mdogo wangu. Lote. Ukimaliza chukua nguo, gari linasubiri. Nakupeleka nyumbani. Nimeshafika kwa mfumu, ameangalia ramli."

Mama hakuligusa jagi. "Ameona nini?"

"Huumwi ugonjwa wa hospitali. Unaliwa. Ni mwanamke, upande wa shemeji, anaishi peke yake." Akakwepa macho ya baba. "Kesho unakaa mbele ya mfumu, analitaja jina."

Baba ana dada mmoja tu. Ni mjane, anakaa peke yake kule Sola, na ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo mama akienda kununua samaki Lamadi. Nilikuwa nimeogopa siku zote hizo kumpoteza mama, kumbe aliyekuwa hatarini alikuwa shangazi, ambaye asubuhi hiyo labda alikuwa anaanika michembe yake ya viazi bila habari. Jina la mchawi likishatajwa, halirudi. Hakuna mtu pale sebuleni asiyejua kinachofuata.

"Shemeji," baba akasema, akainuka nusu, akakaa tena.

Mimi nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema mambo ya polisi, ya sheria, ya presha. Mama akaniwekea mkono gotini.

"Kaka," akasema, "unamkumbuka mama alivyokuwa akiinuka?"

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Alikuwa akishika ukuta kwanza, anasimama hivi, anasubiri macho yatulie. Kichwa kilimuuma hapa." Akagusa kisogo. "Alipenda tumkande hapa. Wewe ulikuwa na mikono mikubwa, alikuita wewe."

Mjomba aliangalia mikono yake.

"Alikuwa mnene kama mimi nilivyokuwa. Zaidi yangu. Watu walimsifia. Siku ile kwenye pamba aliinama, akainuka, akaanguka, mdomo ukaenda upande. Mimi ndiye niliyekuwa naye mstari mmoja."

"Mama alirogwa," mjomba akasema. "Yalishaangaliwa yale."

"Mama alianguka, kaka. Mimi pia nilianguka, sokoni, vile vile. Tofauti ni kwamba mimi nilipimwa."

Mimi nimepewa jina la bibi yule. Tangu utoto niliambiwa neno moja tu juu ya kifo chake, alirogwa, na habari ikaishia hapo, mkubwa akabadilisha mazungumzo. Sikuwahi kuuliza nani alimroga. Sasa nilimwona mjomba akiinua macho kumtazama mama, na katika macho yale nikaona kwamba kulikuwa na mtu. Kulikuwa na jina.

"Usiseme," akamwambia mama kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Yule bibi jirani alikuwa akitugawia chumvi," mama akasema. "Alinisuka nywele siku ya msiba."

"Nilikuwa kijana. Tulitumwa."

"Najua mlitumwa. Niliwaona mkipanda juu ya nyumba yake. Mliezua nyasi zote kabla jua halijapanda. Alitoka na chungu kichwani, akaniaga, kaka. Mimi, mtoto wa marehemu, akaniaga. Akasema nisisahau kula."

Baba aliinamisha kichwa. Nje ndama alilia, mama yake akamjibu, na dereva wa kirikuu akawasha redio kisha akaizima. Nilikuwa nimekaa na ndugu wawili niliowajua maisha yangu yote, na ilikuwa kama ukuta wa nyumba umetolewa ghafla nikaona watu walioishi ndani yake kabla yangu. Mjomba huyu alinifundisha kuogelea kwenye lambo. Mikono hii. Niliitazama, ilikuwa juu ya magoti yake, imefunguka, ina povu la maziwa likikauka kwenye vidole.

"Kwa hiyo unasema," akaanza, "kwa hiyo yule bibi..."

Hakumaliza. Nimewahi kuona watu wakipewa habari za msiba. Hawafanani na alivyokuwa mjomba. Mtu wa msiba hulia. Yeye alikuwa kama anayesubiri mwingine aje kumweleza kilichotokea.

Mama akasogeza jagi kando, polepole, ili lisiwe kati yao.

"Sema, kaka," akasema. "Mbele ya mume wangu na mtoto. Mimi naumwa?"

Mjomba alimtazama mkono, shingo, zile mbavu zilizoonekana gauni lilipobana. Nilidhani atakataa. Ningekuwa yeye ningekataa. Kukubali kulikuwa na bei kubwa mno.

"Huumwi," akasema mwishoni.

"Na huyo mfumu?"

"Nitamwambia. Sitarudi kwake." Akajifuta mikono kwenye suruali, tena na tena, ingawa povu lilikuwa limekwisha. "Hakuna jina. Mwambie dada yako, shemeji, au usimwambie. Hakuna jina."

Baba akaitikia kwa kichwa.

Mjomba akainuka. Alishika kwanza mkono wa kiti, akasimama akisubiri, na mama naye akainuka haraka kumshika kiwiko. Hakumwachia amshike. Mama akamuuliza atakula kwanza, akamuuliza ng'ombe anabaki au anaondoka, akamuuliza kama watoto hawajambo, maswali yote kwa pamoja. Mjomba alipita katikati yetu akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya tawi, akafika kizingitini, na mama akanyoosha mkono kuushika mlango ausindike taratibu kama tunavyofanya kwa mgeni. Yeye akawahi. Akatoka, akauvuta mwenyewe kwa nje, ukajifunga.