Amplifaya Tuliyoikana Wenyewe

Mwanangu Debora, kuna Jumamosi moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Bibi yako, Mungu amrehemu, angenisikia nikisema hivyo angeninunia wiki nzima. Sikuwahi kumsimulia yeye, wala mama yako. Nakusimulia wewe kwa sababu ya ile simu yako ya Jumapili. Ulisema wewe na wenzako hapo chuoni Chimwaga mmemaliza kile kifaa cha kuchomeka kwenye shamba la zabibu, kinachomtumia mkulima ujumbe udongo ukikauka, na kwamba mtakipa jina linalosikika kama la Kijerumani. Nilipouliza kwa nini, ulicheka. "Babu, watu wa huku hawaamini vya kwetu. Ni biashara tu." Nami nikacheka. Tulipoagana nilikaa hapa barazani Miyuji mpaka chai ikapoa.

Wakati ule nilikuwa fundi kijana mjini, mwenye nywele nyingi na maringo kuzidi nywele. Nilifanya kazi kwa Mzee Kanti, Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Dodoma. Baba yake alikuwa akiuza vitambaa karibu na soko, lakini yeye vitambaa hakuvitaka. Alitaka kutengeneza amplifaya, zile mashine za kukuza sauti makanisani na misikitini. Ilikuwa miaka ya uhaba, vitu vya nje havionekani, hata sabuni tunaipangia foleni. Waya wa shaba tuliusokota kwa mkono, na nikipoteza hesabu ya mizunguko nafumua naanza upya. Sanduku lilikuwa la mninga, uso wake bati la pipa lililonyooshwa. Kazi ikiisha, Mzee alichukua brashi nyembamba na rangi nyeupe akaandika neno moja tu kwenye lile bati: DODOMA. Siku moja nilimuuliza kwa nini haandiki jina lake. Alisema yeye hana mtoto wa kurithi kazi ile, lakini mji utakuwepo.

Wateja walikuja, wakasikiliza sauti, wakafurahi, kisha wakasoma lile neno. "Kumbe ya hapa hapa?" Wakaaga kwa adabu, wakaenda zao.

Mzee alipokwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, aliniachia amplifaya tano zilizododa. Nikajiona mjanja. Pembeni palikuwa na redio za Kijapani zilizokufa, wenyewe wamezitelekeza. Nikabandua nembo zake, nikalikwangua neno DODOMA kwa wembe, nikagundisha nembo za watu. Haukupita mwezi, zote tano zikaondoka. Mzee aliporudi nilimwambia tu kwamba zimenunuliwa. Akanipiga bega kwa furaha. "Unaona? Watu wameanza kutuelewa." Pale ndipo ningesema. Sikusema.

Sasa hiyo Jumamosi. Aliingia katekista mmoja kutoka Chemba, Msandawe mrefu, vumbi la barabara limemjaa mpaka kwenye kope. Amplifaya ameifunga ndani ya kanga ya mkewe, fyuzi imeungua. Kabla hata hajakaa alianza kuisifu. Sauti inafika mpaka bondeni, na wazee wasiosikia vizuri sasa wanayasikia mahubiri.

"Wajapani hawa, Mzee wangu, acha tu," alisema. "Na nyie mafundi wetu mnangoja nini? Si mjifunze, mtutengenezee kama hii?"

Mzee Kanti alikwisha kufungua mfuniko. Aliangalia ndani kwa muda mrefu. Aliijua, maana ule waya tuliusokota pamoja. Akabadilisha fyuzi, akalifuta sanduku vumbi, akamtakia mgeni safari njema na kumsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akanigeukia.

"Yule mtu ameshukuru sana. Amemshukuru nani?"

Nikainama kuiokota ile fyuzi iliyoungua.

"Siku akitaka nyingine, atakuja kwetu au atauliza meli inakuja lini?"

Afadhali angenifukuza. Aliniagiza niende kwa wote watano walionunua, nikiri, na niliandike upya lile neno mbele yao. Akanipa kikopo cha rangi na brashi yake mwenyewe.

Nilianzia Chamwino. Niliwakuta wanakwaya wa kanisa lililonunua moja wakifanya mazoezi, na kiongozi wao akatangaza kwamba fundi wa ile mashine ya Kijapani amewatembelea. Wakanipigia makofi, mwanangu. Wakanipa kiti cha mbele. Nilitamani ardhi inimeze. Nikanywa maji waliyonipa, nikaaga, na kikopo cha rangi nikakitupa korongoni. Nikaenda kujificha siku nne kwa shemeji yangu Buigiri, nikila ugali wa watu na kukwepa maswali. Niliporudi nikamwambia Mzee, "Wote nimewaambia." Akaniamini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa, vitu vya nje vikamiminika. Mzee hakutishika. Alikuwa akiwangoja wale watano. "Hao wanaijua kazi yetu, watarudi, na watawaleta wenzao," aliniambia kila mwezi, huku akifagia karakana isiyo na mteja. Hakurudi hata mmoja. Wangerudije?

Siku aliyofunga karakana, kabla ya kuhamia Tanga kwa mdogo wake, alinipa mkono akasema, "Angalau waliambiwa. Walijua ni yetu, na bado hawakuitaka. Basi haikuwa nzuri kama nilivyodhani."

Ilikuwa nzuri, Debora. Nilikuwa nimesimama mbele yake, mdomo ninao, ulimi ninao, na sikusema neno. Mwaka uliofuata nikasikia amefariki. Alikwenda na uongo wangu akiudhani ni ukweli kuhusu maisha yake yote. Kuna watu wazima wanaokuambia kwamba miaka inapunguza uchungu. Mimi haijanipunguzia, na sasa nyumba ilivyo kimya ndiyo kwanza unazidi.

Mwezi uliopita nilipita pale karakana ilipokuwa. Siku hizi wanauza makava ya simu. Nilimuuliza muuzaji kama amewahi kumsikia Mzee Kanti. Kijana mwenye adabu, hakuwa na kosa. "Shikamoo babu. Huyo simjui. Unatafuta kava?" Nikaona haya kutoka mikono mitupu, nikanunua moja. Halikuingia kwenye simu yangu. Katika mji huu wote uliojaa wizara na maghorofa, hakuna mtu hata mmoja ninayeweza kumwambia "unakumbuka?" kuhusu karakana ile.

Hii simu uliyoninunulia naipenda, naona uso wako. Lakini fundi ni fundi, nikataka kuona ndani. Nikakuta wameigundisha kwa gundi, kama vile hawataki tujue. Madini ya betri yanachimbwa humu humu nchini, yanapanda meli, yanarudi yakiwa betri, nasi tunapokea na kusema wenzetu wana akili. Wachumi wana maneno yao marefu juu ya lini nchi kama yetu itainuka. Mimi najua fungu dogo tu la habari hiyo, kwa sababu nililiharibu mwenyewe. Tulikuwa na kitu kizuri mkononi, tukampa mwingine sifa yake, kisha tukashangaa kwa nini wateja wanamfuata yeye. Ukishafanya hivyo hata ukaze buti vipi, kila siku unaanza upya kama mtu asiyewahi kutengeneza kitu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiicheke. Andikeni kwenye kifaa chenu kwamba kimetengenezwa Dodoma, kwa herufi ambazo hata mimi nitazisoma bila miwani. Watu watawakataa mwanzoni. Vumilieni kukataliwa huko, kunaisha. Kikiwa kibovu, wajue mlango wa kuja kugombana, nanyi mtakirekebisha. Kikiwa kizuri, wajue hivyo hivyo. Na kama mmekwisha kumdanganya mtu mmoja, mrudieni wiki hii, msingoje ujasiri. Mimi niliungoja, na hadi leo haujaja.

Mungu akupe akili tulivu na mikono yenye subira, akulinde na haya ya kijinga kama yangu, azipe zabibu za wakulima wenu mvua ya kiasi na jua la kutosha, na akuzeeshe ukiwa na watu wa kukumbuka nao. Na Jumapili hii, mwanangu, usipige simu. Njoo.