Pikipiki Isiyotaka Kupunguza Mwendo

Pikipiki ya kata ilikuwa nyekundu, na siku ikiamua, ilikuwa na kichwa kigumu kuliko mume wangu. Ukizungusha ule mshiko wa kulia kuongeza mafuta, iliongeza vizuri. Ukiuachia, ilitakiwa ipunguze. Wapi! Ilishika mwendo ule ule uliouomba mwisho na kwenda nao, wewe uko juu kama gunia.

Mara ya kwanza ilinipitisha katikati ya mbata za kijiji, zilizoanikwa mbele ya ofisi pale Bweni. Vipande vya nazi vikaruka, kuku wakatawanyika, na mimi, Bibi Maendeleo wa kata, msomi wa kidato cha nne, nikapiga kelele kama ninayezaa tena. Nilipata akili ya kuizima kwa ufunguo nikiwa nimeshafika upande wa pili.

"Bibi Maendeleo!" Mwenyekiti wa kijiji alitoka ofisini akifunga vizuri msuli wake. "Hizo mbata za wananchi, si barabara!"

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti. Mafuta yameng'ang'ania."

"Marahaba. Yameng'ang'ania yenyewe, au umeyang'ang'ania wewe?"

Nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Mume wangu alikuwa jeshini, bara, na mtoto nilimwachia mavyaa, mama wa mume wangu. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia madarasa ya akina mama hadi Kirongwe, na mara nyingine kupeleka taarifa Kilindoni. Kwa pikipiki nilitoka alfajiri na kurudi kabla maziwa hayajanilowesha blauzi. Kwa miguu ningerudi giza linaingia, mtoto amelia hadi sauti imekauka. Nikinyang'anywa pikipiki, kazi imekwisha. Mimi nililijua hilo. Mwenyekiti alilijua vizuri zaidi, maana tangu pikipiki ishushwe jahazini alikuwa akiitazama kama posa iliyopelekwa nyumba isiyo yake.

Nikaipeleka kwa fundi Kilindoni. Akazungusha mshiko, akauachia, ukarudi tak! Akarudia. Tak!

"Dada, nzima hii."

"Asubuhi ilitaka kuniua."

"Basi ilikuwa na hasira na wewe. Umeshatoka arobaini?"

Nilitamani kumpiga na spana. Hata hivyo alibadilisha springi, akasafisha kabureta, akatoa mchanga ambao hakuna chombo cha Mafia kisichokuwa nao. Nikarudi Bweni kwa raha zangu. Kesho yake, kabla sijavuka minazi ya mwisho ya kijiji, ikashika mwendo tena. Nikaenda tena kwa fundi. Tak! Safari hii alicheka mbele ya wateja.

Nilijaribu yote. Niligeuza usukani kulia na kushoto kutafuta pale waya wa mafuta unapobanwa. Niliiendesha nikiwa na mzigo, nikaiendesha bila mzigo. Mchana ilikuwa na adabu kama bibi harusi. Hata mvua ya mchana haikuisumbua. Alfajiri tu, msimu ule wa kipupwe, ndipo iliponifanyia vituko.

Habari zikafika kikaoni kabla yangu. Mwenyekiti aliwaeleza wajumbe kwamba mwanamke anayenyonyesha mwili wake bado mbichi, na chuma hakipatani na mwili mbichi. Wazee wakatikisa vichwa. Ikaamuliwa kwamba Ijumaa nikabidhi ufunguo, mwenyekiti autunze, na mimi nipewe pikipiki "kijiji kitakapoona haja". Kijiji! Kijiji kilikuwa na msuli mmoja na tumbo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nachuja chai kwa hasira, mavyaa akaniita kutoka uani. Alikuwa amemlaza mtoto mapajani, anataka kumkanda.

"Mwanangu, hebu nishikie hii chupa mafuta yayeyuke. Baridi ya leo imeyagandisha."

Nikaishika chupa. Mafuta ya nazi yalikuwa meupe, magumu kama nta. Nikayatazama. Kisha nikamrudishia chupa na kutoka mbio, kanga moja kiunoni na nyingine mkononi.

Pikipiki ililala barazani pa ofisi. Nilivuta mpira unaofunika waya wa mafuta pale unapoingia kwenye mshiko. Humo ndani palijaa kitu cheupe, kimeganda, kinanukia wali wa nazi.

"Mama," nilimuuliza mavyaa niliporudi, "nani anaigusa ile pikipiki?"

"Si mwenyekiti? Kila jioni akitoka kuswali alasiri anaipaka mafuta. Anasema grisi ya kununua ya nini, na sisi kisiwa kizima nazi tupu? Kujitegemea, anasema."

Nilikaa chini. Nilicheka hadi mtoto akashtuka, kisha nikakasirika upya, maana kila safari niliyokwenda Kilindoni jua na joto la injini viliyayeyusha yale mafuta kabla fundi hajayaona, na mimi nikaonekana mwehu.

Ningeweza kwenda kueleza. Lakini niliwajua. Ningeambiwa kisomo kimenipanda kichwani. Kwa hiyo nilimwendea mwenyekiti kwa adabu zote.

"Ndugu Mwenyekiti, makabidhiano yawe alfajiri, wajumbe wakitoka msikitini. Uiendeshe mwenyewe, wakuone. Na leo jioni uipake mafuta vizuri, ing'ae."

Akafurahi! Masikini ya Mungu, alifurahi.

Ijumaa baridi ilikuwa ya kusugua mikono. Nilimwashia, nikamwekea gia ya kwanza ili asije akavunjika shingo nikafungwa, nikamwonyesha breki. Akazungusha mshiko. Pikipiki ikaondoka. Akauachia. Pikipiki ikaendelea.

Alizunguka ofisi mara ya kwanza akitabasamu. Mara ya pili tabasamu lilikuwa limebaki upande mmoja. Breki alishaisahau; injini ilinguruma, kofia ikaanguka, wajumbe wakaanza kumfuata nyuma kama maulidi.

"Izime!" alipiga kelele. "Bibi Maendeleo, izime!"

Nilikuwa nakimbia pembeni yake. Haikuwa kazi; mtu aliyezoea kukimbilia mtoto hashindwi na gia ya kwanza.

"Mwili wako mbichi, Ndugu Mwenyekiti?"

"Nazima wapi?"

"Kwanza waambie wajumbe. Kosa la mkono wangu au la pikipiki?"

"La pikipiki! Wallahi la pikipiki! Mwanangu, zima!"

Nikanyoosha mkono, nikauzungusha ufunguo na kuuchomoa. Ikazimika. Yeye akabaki amekaa juu, miguu imetanuka, akitweta.

Niliufunua ule mpira mbele ya wajumbe wote, nikaingiza kidole na kukitoa cheupe. Mmoja wao akakinusa. Mavyaa, aliyekuwa amesimama nje ya ua wa ofisi na mtoto begani, alicheka hadi akakaa chini.

Mwenyekiti alishuka, akaokota kofia yake, akaipangusa polepole.

"Nazi za mwaka huu," alisema, "zina mafuta mazito."

Hakuniomba radhi hata siku moja. Lakini nilipotia ule ufunguo kwenye pindo la kanga na kulifunga fundo, hakuna mjumbe aliyenyoosha mkono kuudai. Nikaagiza mafuta ya taa, nikauosha waya palepale barazani, nao wamesimama wananitazama. Kisha nikamnyonyesha mwanangu, nikamrudisha kwa bibi yake, nikaenda Kirongwe.