Walioshinda Huku Wakikimbia

Mwaka ambao timu yetu ya mpira wa kikapu ilimshinda karibu kila aliyejitokeza, baba yangu alituonea huruma.

Nianze na sukari, maana siku zile kila jambo lilianza nayo. Miwa ilikuwa na bei. Baba alikuwa ametoka kwetu Isukha akanunua shamba karibu na Ekero, akapanda miwa hadi mlangoni, mpaka Mama akawa ananunua mboga sokoni kama mtu wa mjini. Alihama pia na fahali wake wa kupigana, ambaye alimsifu hadharani kuliko alivyowahi kumsifu yeyote kati yetu. Kisha akanunua trekta. Dereva wa trekta enzi hizo alikuwa mtu mzito. Akitajwa kwenye posa, wazazi wa msichana walinyamaza kwa heshima. Akitajwa mwalimu, waliuliza kama ana ndugu.

Mimi nilikuwa nasomea ualimu katika chuo kimoja mjini Kakamega. Krismasi ile Baba aliniambia kwamba mashindano ya mpira yakiisha, nifunge sanduku nirudi nyumbani kuendesha trekta. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akichagua kipande cha kuku. Lakini neno la Baba lilikuwa likishatoka halirudi, nami nilitaka kufundisha jiografia kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote. Sijui kwa nini jiografia. Nilipenda ramani.

Kwa hiyo nilicheza. Kila tulipofuzu, nilipata majuma machache zaidi darasani. Tuliwashinda Bungoma, tukawashinda Kisii, tukaenda Eldoret tukawashinda huku midomo imetupasuka kwa baridi. Kocha, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, aliwaambia wenzangu waige moyo wangu. Haukuwa moyo. Ilikuwa trekta.

Kocha huyo alitufundisha jambo moja tu, na alilifundisha vizuri: ukishafunga kikapu, geuka, kimbia, ukalinde kwenu. Wengine walikuwa wakifunga wanasimama kushangiliwa. Sisi tulikuwa tukifunga tunatoweka. Hiyo ndiyo siri yote ya ushindi wetu, na ndiyo iliyomhuzunisha Baba.

Alikuja kututazama kwenye nusu fainali, iliyochezwa kwenye uwanja wetu. Tuliwatandika wageni bila huruma. Nilipomfuata baadaye, nilimkuta ameketi ameshika kofia, uso umemwanguka kama mtu aliyetoka matangani.

"Mlishinda?" akaniuliza.

"Tulishinda, Baba. Tena kwa mbali."

"Sasa mbona mlikuwa munakimbia?"

Nikamwambia sijaelewa.

"Mukiweka tu mpira, munapeana mgongo na kutoroka. Nyinyi wote. Mtu ameshinda anakimbianga?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu, fahali wawili wakikutanishwa alfajiri, hakuna anayehesabu chochote. Wanasukumana kichwa kwa kichwa hadi mmoja ageuze mgongo. Aliyegeuka ameshindwa, basi, na watu wa mwenzake wanaingia uwanjani na ngoma za isukuti na matawi mabichi kumsindikiza bingwa wao. Baba alikuwa ametazama mambo hayo tangu akiwa hajaota meno. Alikuwa ametuona tukigeuza mgongo jioni nzima. Nilimweleza kwamba tulikuwa tunarudi kulinda.

"Na kule mbele mlimwachia nani?" akauliza, kwa upole wa kuvunja moyo.

Akaondoka bila kugusia trekta. Hakuhitaji.

Siku ya fainali alikuja na watu. Walijaa lori la kubebea miwa, na maganda bado yamo, wakiwa na isukuti na matawi, wazee kwa vijana. Walikuja kututia nguvu tusikimbie. Kila tulipofunga na kugeuka, walipaza sauti, "Simama! Simama wewe! Rudi!" Mwenzetu mmoja, mtoto wa wakulima wa mahindi kutoka Chekalini, aliwatii mara mbili, na mara zote mbili tukafungwa. Kocha alimtoa, akamketisha mbali na ngoma.

Mimi nilipangiwa kulikaba jitu moja la wapinzani, pana kama mlango wa ghala. Tulisukumana chini ya kikapu kipindi chote cha pili, bega kwa bega, kipaji cha uso kwa kipaji, hadi nikaijua harufu ya sabuni yake. Isukuti zilinyamaza, watu wakitazama. Hilo sasa walilielewa.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, tukiwa mbele kwa kikapu kimoja, refa alisimamisha mchezo. Kocha wao aliona jitu lake limechoka, akaliita likapumzike. Jitu likaniachia, likageuka, likanipa mgongo, likatembea taratibu hadi nje ya uwanja.

Uwanja ukalipuka. Waliingia wote, Baba akiwa mbele ameinua tawi, wakaniinua, wakaanza kunizungusha. Nilipiga kelele kwamba mpira haujaisha. Hakuna aliyesikia. Refa, kijana mwembamba, alipuliza kipenga hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Walipotolewa, alitoa adhabu: wapinzani warushe mara mbili, bila kuzuiwa na mtu.

"Bila kuzuiwa?" nilimsikia Baba akiuliza kwenye mstari. "Kwa nini?"

"Kwa sababu yako, Mzee," refa akamjibu.

Sijawahi kumwona amesimama vile, mikono imening'inia, tawi limegusa chini. Nilimkasirikia mno, na papo hapo nikamhurumia. Mrushaji wao akapata wa kwanza. Wa pili ukazunguka kwenye chuma, ukatoka. Tukacheza sekunde zilizobaki huku tumeushika mpira kama yai, kipenga cha mwisho kikalia, tukawa mabingwa.

Hakuna aliyesogea. Tulirukaruka peke yetu katikati, wanaume wazima, huku lori zima la watu likitutazama kutoka nyuma ya mstari kwa adabu ya kanisani. Kisha Baba, ambaye sikuwahi kumsikia akiomba ruhusa kwa mtu, alivua kofia akamgeukia yule kijana.

"Refa, sasa tunaweza kuingia?"

Refa akaitikia kwa kichwa.

Baba alinifikia wa kwanza, akanishika mkono.

"Yule mkubwa alikimbia," akasema. "Mimi niliona. Hii ingine ni maneno ya refa."

"Ndiyo, Baba."

"Trekta nitatafutia dereva. Fahali amefukuza mwenzake hafungwanga jembe. Wewe maliza hiyo shule."

Ningependa kuandika kwamba alikuwa ameelewa elimu ni nini. Hakuwa ameelewa, wala mpira hajauelewa hadi leo. Nililia palepale katikati ya uwanja, na watu wa isukuti, kwa kuwa hawakujua ninalilia nini, wakazidi kupiga.