Tyubu ya Mwanga na Daftari Langu

Miaka ile ya vita vya shifta, waasi wa Kisomali, nilikuwa mwalimu wa sayansi Garissa, mtu wa milimani niliyeletwa na barua ya serikali, na sikumwamini mtu. Niliyemshuku zaidi ni msaidizi wangu wa maabara, Msomali wa makamo asiyependa maneno mengi.

Mikono yake lakini niliihitaji. Nilikuwa na tyubu ya kioo niliyoinyonya hewa kwa pampu. Nikiipitishia umeme wa koili ya cheche, gesi kidogo iliyobaki iliwaka zambarau. Mwanga ule haukutulia. Ulijipinda, ukagusa kioo, ukakatika. Yeye ndiye aliyeizungushia tyubu waya, duara kwa duara, kwa vidole vilivyozoea kusokota kamba za ngamia. Tulipouunga waya kwenye betri ukawa sumaku, na mwanga ukanyooka katikati ya tyubu. Nilifurahi hata nikasahau kumshukuru.

Kila alasiri, wanafunzi wakishatoka, mimi niliwasha koili naye alichukua birika.

"Naenda kuswali, mwalimu."

Swala gani hiyo inayosubiri swichi yangu? Nikaanza kuandika daftarini kila saa aliyotoka na aliyorudi.

Ndipo akaja afisa wa polisi. Kila alasiri redio yao ilivurugwa, na alitaka kujua nani anawasaidia shifta. Nilimpa daftari kabla hajaliomba. Saa zililingana moja kwa moja na zile za redio kuvurugwa, na msaidizi wangu akachukuliwa birika likiwa mkononi.

Kesho yake niliwasha koili peke yangu. Haukupita muda askari akaja mbio kuuliza kama nimeona mtu, maana redio imevurugika tena. Nilizitazama zile cheche, nikaelewa kuwa ndizo zilizokuwa zikiivuruga redio. Nyani haoni kundule, nami nilikuwa nyani mwenye daftari.

Niliogopa sana. Miaka ile mtu hakwenda kujitaja polisi kwa hiari yake. Hata hivyo niliibeba koili hadi kituoni, nikaiwasha mbele ya afisa, na redio ikakoroma hadi nilipoizima. Alinitukana vya kutosha, kisha akanirudishia daftari na kufungua mlango wa mahabusu.

Msaidizi alirudi kazini asubuhi iliyofuata. Alilifunua daftari langu, akalisoma polepole.

"Mwalimu, saa yangu umeandika yote. Saa ya swichi, habana andika?"

Nilimwomba msamaha. Alasiri alichukua birika lake akatoka, nami sikuigusa swichi mpaka aliporudi.